JIRANI ZETU WA KASAI: KATANGA MWAKA 1961 NA MWAKA 1992



Katika kitabu hiki cha Yubile wengine wamepewa kuandika juu ya wamisionari wa kwanza, juu ya ujenzi wa kanisa, juu ya kwaya na vyama vya kitume. Sisi makatekista tumeombwa kuandika juu ya jambo ambalo halipigiwi ngoma. Parokia ya Likasi inayotimiza miaka 75 haiwezi kuhesabu miaka yake na kuruka ile iliyo michungu. Mara mbili katika muda huo wakaaji wengi wa miji yetu ya shaba walifukuzwa katika nyumba zao kwa sababu moja tu: wazazi au mababu zao walitoka Kasai. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1961, mara ya pili miaka ya 1992 na 1993. Ya mwaka 1961 tuliyapokea kwa wazee na kwa vitabu. Ya mwaka 1992 tuliyaona kwa macho ya watoto wa shule.

Hatuandiki ili kuwahukumu watu waliokwisha kwenda mbele ya Hakimu wa haki. Tunaandika ili kujibu swali moja: wale waliotaka kuwalinda jirani zetu walifanya nini, na kwa sababu gani ulinzi wao haukutosha?

I. NAMNA TULIVYOKUTANA

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na reli iliyotoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910. Inchi ilikuwa na shaba nyingi na watu wachache. Wenyeji walikuwa na mashamba yao, na wengi hawakupenda kuyaacha ili kuingia katika migodi. Basi kampuni ikatafuta watu wa kazi mbali: Lomami, Kasai, hata Ruanda-Urundi. Mwaka 1928 reli ya B.C.K. ikafika Port-Francqui, mji unaoitwa leo Ilebo, ikipita katikati ya Kasai. Tangu siku hiyo njia ya kuja Katanga ilikuwa wazi kwa Muluba wa Kasai kuliko kwa watu wengine wengi.

Katika miaka ile ile kampuni iligeuza desturi yake. Mbele, ilikuwa ikichukua wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha kwao. Sasa ilianza kuandika mikataba ya miaka mitatu, na kuwapa ruhusa waje pamoja na wake zao. Iliwapa nyumba katika kampi, posho, dawa, na shule kwa watoto. Kwa hiyo watoto wakazaliwa hapa. Walibatizwa hapa, wakajifunza Kiswahili mbele ya Kiluba, na wengi wao hawakuona Kasai hata siku moja. Hiki Kiswahili chetu tunachosali nacho kilikua katika vinywa vya watu wa makabila yote waliokutana mugodini, sokoni na kanisani.

Lakini katika mpango huo kulikuwa na mwiba. Nyumba haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya kazi. Aliyepoteza kazi alipoteza nyumba. Na kwa kuwa wengi wa watu wa Kasai walikuwa wamesoma mapema kwa wamisionari, kampuni, reli na ofisi za serikali ziliwachukua kuwa makarani, walimu na wasimamizi. Mwenyeji aliona mgeni amekaa ofisini na yeye amebaki mlangoni. Lalamiko hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na si vema kulificha. Ila waliopashwa kulijibu walikuwa kampuni na serikali ya kikoloni zilizopanga mambo hivyo, si karani wala fundi aliyekaa nyumba ya pili.

Mwezi wa 12 mwaka 1957 kulikuwa na uchaguzi wa kwanza wa komini katika Élisabethville. Katika komini za Waafrika, waliopata ukubwa walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga ya kusini, wengi wao watu wa Kasai. Mwaka uliofuata, 1958, chama cha CONAKAT kilizaliwa, kikidai haki za wale waliojiita Wakatanga wa kweli. Tunaomba msomaji ashike tarehe hizo. Mara nyingi tunasikia ya kwamba chuki hii ni ya mababu, nayo haina dawa. Si kweli. Mababu wa Wasanga, wa Walunda, wa Wabemba na wa Waluba wa Kasai hawakugombania nyumba za kampi. Chuki hii ina mwaka wa kuzaliwa, na kitu kilichozaliwa na watu kinaweza kuzuiwa na watu.

II. KAMPI YA MWAKA 1961

Tusidhani ya kwamba Katanga peke yake ilitenda hivi. Mwaka 1959 vita vilianza kati ya Walulua na Waluba katika Luluabourg, mji wa Kananga wa leo. Mwezi wa kwanza 1960 wakubwa wa pande mbili walipatana kwenye ziwa Mukamba ya kwamba Waluba watoke katika udongo wa Walulua. Makumi ya maelfu ya watu wakafunga mizigo, kwa jina la amani, wakaenda katika Kasai ya kusini ambako njaa iliwangoja. Na hapa Katanga, nyuma ya Moïse Tshombe kutangaza kujitenga tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 1960, Waluba wa kaskazini waliofuata chama cha BALUBAKAT walichomewa vijiji na askari wa Katanga, ingawa walikuwa wenyeji kabisa wa inchi. Kila kabila ni dogo mahali fulani. Anayecheka leo kwa sababu ni wengi, kesho atajikuta mahali ambapo yeye ni wachache.

Katika miji ya kusini, mtu wa Kasai alianza kutazamwa kama adui wa ndani. Tarehe 28 mwezi wa 8 mwaka 1961, askari wa ONU walikamata wakubwa wa kijeshi wa kigeni waliotumikia jeshi la Katanga. Mara Waluba wakashutumiwa ya kwamba ni watu wa ONU, na kufungwa na kupigwa kukazidi katika sité za Élisabethville. Watu hawakungoja tena. Walichukua watoto, masufuria na magodoro, wakakimbilia karibu na kambi ya askari Waswedi wa ONU. Tarehe 9 mwezi wa 9 walihesabiwa kuwa karibu 35,000. Hakuna aliyekuwa amepanga kampi hiyo. Watu wenyewe waliifanya kwa miguu yao.

Siku nne nyuma yake, tarehe 13, vita vilianza mjini kati ya ONU na jeshi la Katanga, na tarehe 18 Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa ONU, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola alipokuwa akienda kuonana na Tshombe. Mwezi wa 12 vita vilirudi. Muda wote huo kampi ilizidi kujaa. Watu walilala katika vibanda vya magunia na matawi. Chakula kilikuwa kidogo na magonjwa mengi. Vijana wenye hasira, waliofukuzwa katika nyumba za baba zao, walijifanya wakubwa wa kampi na kuwatisha wengine. Hata askari waliolinda waliogopa kuingia humo usiku. Ndiyo hali ya kila mahali ambapo watu wengi wanafungiwa bila kazi na bila sheria: mateso ya nje yanaingia ndani.

Mwaka 1962 ONU iliivunja kampi na kuwasafirisha watu, wengi wao kwenda Kasai. Inasemwa walikuwa zaidi ya 70,000.

Tunapashwa kusema mambo mawili juu ya kazi hiyo, bila kuacha moja. La kwanza ni shukrani. Askari waliotoka inchi za mbali, wasiojua Kiswahili wala Kiluba, walisimama kati ya mtu na muuaji wake, na maelfu wanaishi leo kwa sababu babu yao alipata nafasi ndani ya ule uzio. La pili ni uchungu. Wale waliowatesa Waluba walitaka mji usio na Waluba, na siku treni ya mwisho ilipoondoka, mji ulikuwa hivyo. Waliolinda walifanya wema wote walioweza, na bado matunda yalikuwa yale yale yaliyotakwa na waliofukuza. Ulinzi ulianza siku ambapo mtu amekwisha kupoteza nyumba, na ulinzi unaoanza saa hiyo hauna mahali pa kumrudisha.

Kujitenga kwa Katanga kulikwisha mwezi wa kwanza 1963. Migodi ilihitaji mikono na akili, na watu wa Kasai wakarudi, wa zamani pamoja na wapya. Hakuna mkutano uliofanywa ili kuulizana: Tulitendeana nini? Kazi ilianza tena, ukimya ukakaa juu yake miaka 30.

III. GARE YA LIKASI

Miaka ya 1990 ilipofika, Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa ikianguka. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka. Mishahara ilichelewa, na pesa ilikosa bei. Mwezi wa 11 mwaka 1991 Bwana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, mmoja wa wakubwa wa chama cha UFERI, aliwekwa kuwa gavana wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule. Katika mikutano ya watu wengi alifundisha ya kwamba shida za Wakatanga zinatoka kwa watu wa Kasai. Vijana wa chama, walioitwa JUFERI, walilichukua fundisho hilo na kulipeleka barabarani.

Neno lilitangulia panga. Watu wa Kasai walianza kuitwa «bilulu», maana yake wadudu. Tunaomba kila mzazi na kila katekista alifikiri neno hilo. Mdudu hana jina la ubatizo, hana mama, hana nyumba. Yupo mahali asipopashwa kuwa. Anayemkanyaga mdudu haulizwi na dhamiri yake. Neno hilo lilitembea miezi mingi katika mabaa, katika masoko, hata katika nyua za makanisa, na wengi wetu walicheka tu, wakidhani ni siasa.

Tarehe 15 mwezi wa 8 mwaka 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa uliofanyika Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguza Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Katika wiki zilizofuata fujo zilianza hapa Likasi. Vijana walipita nyumba kwa nyumba. Mali iliibiwa, nyumba zilichomwa, watu waliuawa. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia gare na mashule, wakangoja treni. Mwezi wa 3 mwaka 1993 mambo yale yale yalifika Kolwezi. Lubumbashi, ulio mji mkubwa na ambamo watu wa Kasai walikuwa wengi, haukupatwa kwa kipimo hicho. Kwa jumla waliofukuzwa katika miji ya Shaba walikuwa mamia ya maelfu.

Walioishi miaka hiyo wanajua gare ilivyokuwa. Familia zililala juu ya saruji na kando ya reli, kila moja imezungukwa na vitu vyake: kitanda, cherehani, picha ya ndoa. Mvua ilianza. Treni zilikuwa chache, na nafasi ilinunuliwa. Njia ilipita Tenke, Luena, Bukama, Kamina, Kaniama, hata Mwene-Ditu, na safari ilichukua siku nyingi, wengine wakiwa juu ya mabehewa ya wazi. Kuhara, surua na njaa viliwaua watu katika gare na njiani, na watoto walikuwa wa kwanza.

Ni nani aliyewalinda? Askari walikuwepo, lakini mara nyingi walitazama tu, au walidai pesa ili kumsindikiza mtu hadi gare. Masista na mapadri walifungua milango, wakapika uji, wakatafuta dawa. Madaktari wa Médecins Sans Frontières walifika. Na kulikuwa na wale ambao hakuna buku lililoandika majina yao: Musanga aliyemficha shemeji yake katika ghala, mama aliyesema mbele ya vijana «huyu ni mtoto wangu» juu ya mtoto ambaye hakumzaa. Katika inchi ambapo watu wameoana miaka 60, kabila lilipita katikati ya kitanda kimoja. Kulikuwa na nyumba ambamo mume alipashwa kupanda treni na mke kubaki, na watoto wakaulizwa wachague.

Wema huo ulikuwa wa kweli. Lakini tazameni: ulifanyika karibu wote kwenye gare, na njia ya gare iliongoza mahali pamoja tu. Kama mwaka 1961, aliyesaidia alimsaidia mtu aondoke akiwa mzima. Ni wachache waliosimama mlangoni pa nyumba ya jirani na kusema: haondoki.

Na waliobaki walipata nini? Kijana aliyeingia katika nyumba ya karani alipata chumba na bati. Kiti cha ofisini kilipata mtu mwingine. Lakini Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Sababu zake ni nyingi, na kufukuzwa kwa mafundi si sababu peke yake. Lakini ahadi iliyosema ya kwamba mkate wa Mukatanga umeshikwa na mtu wa Kasai ilipimwa mwaka ule, na ikaonekana kuwa uongo. Mtu wa Kasai alikwenda, na mkate haukuja.

IV. MAMBO TUNAYOPASHWA KUSHIKA

La kwanza: ulinzi unaanza na neno. Mbele ya treni kulikuwa na fujo, mbele ya fujo mikutano, na mbele ya yote kicheko chetu. Mkristu anayesikia watu wakiitwa wadudu, nyoka au magugu, na asiseme kitu, ameacha lango wazi. Kumkatalia rafiki yako neno moja kwenye meza ya baa ni kazi ndogo. Kuzima nyumba inayowaka ni kazi kubwa.

La pili: ukuta wa kanisa hautoshi. Wengi wanaamini ya kwamba hakuna atakayegusa watu waliokimbilia nyumba ya Mungu. Tuwaulize ndugu zetu wa Ituri, waliopitia vita kati ya Wahema na Walendu. Mwezi wa 5 mwaka 2003, katika parokia ya Nyakasanza, mjini Bunia, watu waliokimbilia kwa mapadri waliuawa pamoja na mapadri wao. Askari wa ONU walikuwa katika mji ule ule, wachache, ijapokuwa tangu mwaka 2000 walikuwa na agizo la kulinda raia walio katika hatari. Amani ilianza kurudi mjini siku ambapo jeshi lenye nguvu, lililoongozwa na Ufaransa, lilitumwa mwezi wa 6. Basi tusifiche watu nyuma ya msalaba na kukaa kimya. Tupige hodi mapema kwa wenye mamlaka, kwa maandishi na kwa majina, mbele ya hatari haijafika mlangoni.

La tatu: tusikubali kugawanywa. Sisi tuliopita katika seminari ndogo tunakumbuka daima Buta, katika Burundi. Tarehe 30 mwezi wa 4 mwaka 1997 wenye silaha waliingia katika bweni na kuwaamuru waseminari wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana walikataa. Arobaini waliuawa pamoja. Hatuwezi kumwagiza mtu ushujaa huo. Lakini hawakuupata usiku ule tu. Walikuwa wamejifunza kwa muda mrefu, mezani na kanisani, ya kwamba wao ni kundi moja. Jumuiya zetu ndogo za Kikristu zipangwe kwa njia ya barabara tunamokaa, si kwa kabila, ili saa ya giza jirani ajue jina la jirani.

La nne: tusichukue nyumba. Kufukuza watu ni kazi ya wachache, lakini inapata nguvu kwa faida ya wengi. Kama hakuna anayeingia katika nyumba iliyoachwa, hakuna anayenunua cherehani ya gare kwa bei ya bure, basi anayefukuza anatumika bila mshahara. Na ikiwa jirani amelazimishwa kukimbia, tushike funguo zake, tuandike kilichokuwa chake, na siku akirudi akute mlango.

V. MANENO YA MWISHO

Wengi wamerudi. Leo Likasi iko katika jimbo la Haut-Katanga, na Kolwezi ni mji mkuu wa Lualaba, kwa maana Katanga ya zamani iligawanywa mwaka 2015. Kwenye benchi moja ya kanisa letu wanakaa mtoto wa yule aliyepanda treni na mtoto wa yule aliyetazama treni ikiondoka. Wanapeana amani kwa mkono kila siku ya Mungu. Na bado, kila wakati wa uchaguzi, kila mara treni inapoleta watu wapya kutoka Kasai, maneno ya zamani yanasikika tena sokoni.

Neno Yubile linatoka katika Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaamuru ya kwamba katika mwaka wa hamsini kila mtu arudie urithi wake na jamaa yake. Kuna watu ambao wangelipenda kutumia sheria hiyo kumwambia jirani: basi rudi kwenu. Wasome mistari michache mbele. Mungu anasema pale ya kwamba udongo ni wake mwenyewe, na sisi sote ni wageni na wapangaji kwake. Mtoto aliyezaliwa Kikula au Panda, aliyebatizwa hapa na kuzika wazazi wake hapa, kwao ni hapa. Akirudishwa kwao, ni kwa nyumba yake ya Likasi anapashwa kurudi.

Katika Misa ya Yubile tutawaombea marehemu wa parokia. Tunaomba wale waliokufa kwenye gare na kando ya reli watajwe pamoja nao, kwa maana nao walikuwa Wakristu wa parokia hii. Na wenye kushika funguo za mtu hadi leo, wasione haya kuzileta.